Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Nazari

Ulikuwa mwaka wa arobaini na tisa. Hapana, nakosea. Arobaini na tisa ndio mwaka wa njaa, watu walikuwa wakichimba mizizi porini, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumpeleka mtoto shule. Labda hamsini. Lakini hamsini meli mpya ilikuwa bado haijaanza kutia nanga Mbamba Bay, na katika habari hii meli imo. Basi tuseme hamsini na moja, mwishoni mwa kiangazi, mvua zikiwa bado. Wendelini mwenyewe hakuwa mtu wa kuhesabu miaka. Yeye alisema tu, "Mwaka ule tulipomzika kaka."

Huyu Wendelini alikuwa mvuvi wa Lundo, mrefu, mpole, mtu ambaye hata akikanyagwa mguu yeye ndiye anayeomba radhi. Mke wake alikufa kwa homa kabla hawajapata mtoto, naye hakuoa tena. Alikaa ua mmoja na mama yake, Bibi Emerensiana, na shemeji yake Verediana, na binti wa Verediana aliyeitwa Ottilia. Mwenye mke na mtoto alikuwa kaka yake, Nazari. Lakini Nazari alikwenda Joni, kwenye machimbo ya dhahabu ya Makaburu, Ottilia akiwa bado anabebwa mgongoni, na tangu hapo hakuonekana tena.

Mwambao ule watu wa namna hiyo huitwa machona, yaani waliokwenda kusini wakamezwa huko. Kila kijiji kilikuwa na machona wake. Wengine walisema Nazari ameoa Mzulu na ana watoto wasiojua kula usipa, dagaa wa ziwa letu. Wengine walisema alikuwa njiani kurudi, ndani ya ile meli iliyozama mwaka wa arobaini na sita upande wa pili wa ziwa. Hakuna aliyejua, na nyumbani kwao hakuna aliyeuliza. Jina lake lilikaa mle ndani kama mtu aliyelala chumba cha pili, ambaye kila mmoja anapita taratibu asimwamshe.

Ottilia alikuwa amemaliza darasa la nne, wa kwanza katika wote, wavulana wakiwamo. Mwalimu wake alisema ni dhambi kichwa kile kibaki kinageuza samaki juani. Darasa la tano kwa wasichana lilikuwa kwa masista, huko juu milimani kwa Wamatengo, shule ya kulala hukohuko. Nafasi zilikuwa chache, na kabla ya kupokewa mtoto, mtoto na watu wake huitwa mbele ya Padre Florian kuulizwa.

Tarsisi, katekista wa Lundo, alikuja kuwafundisha namna ya kujibu. Akavuta kigoda akaketi katikati ya ua, akakunja uso.

"Sasa mimi ndiye Padre," alisema. "Mama Ottilia, nyumbani kwenu mnapika pombe?"

"Tunapika," Verediana akajibu.

"Aka! Sivyo!"

"Si tunapika, Mwalimu? Jumamosi ulikunywa wewe hapahapa, ukaomba na ya kubeba."

Bibi Emerensiana alicheka mpaka ugoro ukamtoka puani.

"Nilikunywa, sikatai," alisema Tarsisi. "Lakini Padre hatauliza nani alikunywa. Sema, ya kuuza hatupiki. Basi. Jibuni mlichoulizwa, msiongeze neno. Ukiongeza neno umemfungulia mlango, ataingia mpaka jikoni. Haya, Wendelini. Baba wa mtoto yuko wapi?"

Kicheko kikakatika. 

"Nitasema yuko kazini," alisema Wendelini.

"Vema. Yuko kazini. Hapo unanyamaza."

Bibi akauliza, "Na mimi je, niende?"

"Wewe bibi kaa. Milima ile itakuvunja magoti bure, na hao hawana swali la bibi."

Siku ya kuondoka walipita ufukoni, ambako jirani yao Cuthbert alikuwa anaanika usipa. Cuthbert alikuwa Mwanglikana, mtu wa kisiwa cha Likoma aliyehamia Lundo si zamani sana, na mdomo wake haukupumzika.

"Nyie Wakatoliki!" alipiga kelele. "Mtoto kwenda shule mpaka mpelekwe kwa hakimu! Mngekuja kwetu. Sisi ukijua kuimba tu, umepita."

"Kwenu hakuna darasa la tano la wasichana," Ottilia akamjibu bila kusimama.

"Mungu wangu, kweli huyu apelekwe," alisema Cuthbert.

Walipanda wakalala njiani, wakapanda tena, mpaka ziwa likabaki mstari mwembamba nyuma yao. Kule juu miteremko yote ilikuwa na mashimo ya ngolo, yale Wamatengo wanayochimba shambani kuzuia maji ya mvua, yamepangwa kama masega ya nyuki, na wanawake waliokuwa wanalima wakasimama na majembe yao wakiwatania: "Wanyasa hao! Harufu ya samaki ilifika jana, wenyewe ndio wanafika leo!" Verediana alicheka. Wendelini hakucheka. Alikuwa anarudia moyoni: yuko kazini, yuko kazini.

Padre Florian aliwapokea barazani, mzungu mzee mwenye ndevu za njano kwa tumbaku, aliyekaa nchini mpaka Kiswahili chake kikawa na lafudhi ya Kimatengo. Kando yake alikaa Sista mwenye funguo nyingi kiunoni.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Kaeni."

Ottilia akasoma, akapiga hesabu, akataja mito. Sista akatikisa kichwa kwa furaha, akamtoa nje akatazame bweni. Ndipo maswali ya wakubwa yakaanza.

"Ameposwa?"

"Hapana, Padre."

"Hakuna aliyeleta kitu? Hata jembe? Hata kuku?"

"Hata yai."

"Mama, mnapika pombe?"

"Ya kuuza hatupiki, Padre."

Padre akatabasamu ndani ya ndevu. "Tarsisi amewafundisha vizuri. Baba yake yuko wapi?"

"Yuko kazini," alisema Wendelini, akanyamaza.

"Kazini wapi?"

"Joni."

"Tangu lini?"

Wendelini akamtazama Verediana. Verediana akatazama miguu yake. Kutoka ndani walisikia wasichana wanasoma kwa sauti moja, na katikati ya sauti zile Wendelini akadhani anamsikia Ottilia, ambaye hakuwa bado na haki ya kusoma pale.

"Tangu huyu mtoto hajatembea," alisema.

Padre akaweka kiko chake chini. "Sikiliza, Wendelini. Hapa kila baba anapiga magoti altareni anaapa kwamba hatamtoa binti shuleni kumwoza. Mwaka jana aliapa baba mdogo, kama wewe, mtu mwema. Baba mwenyewe akarudi kutoka mkonge wa Tanga, akasema, 'Mimi sikuapa.' Akamtoa binti darasani, kalamu ingali mkononi, akampa mzee mmoja mwenye ng'ombe. Sista huyu alilia mpaka akaugua. Tangu hapo, baba akiwa hai anaapa mwenyewe. Akiwa marehemu, anaapa mlezi. Basi niambie. Kaka yako yu hai, au amekufa?"

Tarsisi hakuwafundisha jibu la hapo.

"Sijui, Padre."

"Mama?"

"Nikisema yu hai, nitaongopa," alisema Verediana polepole. "Nikisema amekufa, nitaongopa."

Padre akakiokota tena kiko chake, asikiwashe. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya chini. "Nafasi yake nitaishika mpaka baada ya Noeli. Mkipata hakika, njoni. Kama amekufa, asomewe misa huko kwenu, na Tarsisi aje aniambie kwa mdomo wake."

Kwenye mteremko wa kurudi Ottilia alitangulia. Walipoliona ziwa tena ndipo aligeuka.

"Baba mdogo, mimi hata sura yake siijui. Wewe ndiye uliyenifundisha kuogelea. Yeye akiwa hai, kwangu ni nini? Akiwa amekufa, ni nini?"

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Nasema kwa sababu mtu nisiyemjua ndiye anayenizuia mlangoni."

Verediana alitaka kumpiga kofi, mkono ukaishia hewani, akautumia kujifunga kanga.

Sasa kule kwao misa ya wafu haisomwi kwa mtu ambaye hajaliliwa. Waumini wenyewe hawangeingia kanisani. Na mtu haliliwi mpaka kuwe na kitu ardhini. Aliyepotea bila mwili huzikiwa mgomba: hukatwa shina la mgomba kwa kimo chake, likavikwa nguo yake, likalazwa kaburini kama yeye. Baada ya hapo mke hunyolewa, matanga hukaliwa, na mtu huyo ameisha. Lakini ruhusa hutoka kwa aliyemzaa. Kumzika aliye hai kwa namna hiyo ni jambo la kutisha, maana husemekana popote alipo huhisi udongo unamwangukia kifuani.

Wendelini alikwenda kwa mama yake jioni, akachuchumaa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Najua ulichokuja nacho. Kataa mwenyewe kabla sijakukatalia."

"Mtoto atakosa shule, Mama."

"Nazari nimemzaa mimi, si Padre. Siku akifa titi hili litaniuma. Halijauma."

Wendelini hakubisha. Kwa siku kadhaa yule bibi alikaa uani. Alimtazama mjukuu wake akienda kuteka maji, akirudi, akikaa na kitabu kilekile cha darasa la nne, ambacho alikuwa ameshakijua kwa moyo, akikifungua na kukifunga. Kisha asubuhi moja alimwita Wendelini na Verediana pamoja.

"Mzikeni," alisema. "Kama yu hai, atakuja mwenyewe kunigombeza. Na mimi nitafurahi kugombezwa."

Tarsisi aliposikia habari ya mgomba alijifanya ana kazi kijiji cha pili, kwa kuwa kanisa halipendi mambo yale. Wazee wakaenda wakakata shina. Likawa refu, wakabishana kimo cha Nazari. Mmoja akasema, "Si walikuwa sawa na mdogo wake? Walikuwa wanabadilishana suruali." Wakatandika mkeka, wakamwambia Wendelini alale.

Akalala. Alifumba macho bila kujua kwa nini. Alisikia shina linaburutwa, linalazwa kando yake, baridi na lenye maji, limegusana na mkono wake kama zamani walipolala kitanda kimoja yeye na kaka yake. Panga likalia karibu na utosi. Mtu akasema, "Inuka, tumepata." Yeye akachelewa kuinuka, mpaka wakamshika mkono. Toka siku ile, alikuwa akisema, ubavu wake wa kushoto haukupata joto sawasawa na wa kulia.

Walimzika. Wanawake walianza kulia kwa desturi, lakini Verediana aliponyolewa na nywele zikaanguka mapajani mwake, kilio chake kilibadilika hata wanawake wenzake wakanyamaza wamsikilize. Alikuwa analia miaka yote kwa pamoja. Bibi Emerensiana alikaa amejiegemeza ukutani, hakulia, na chakula alikisukuma mbali, kwa kuwa mama wa marehemu kwao hali kitu mpaka wageni wa maziko watawanyike. Maneno hayakukosa. "Anamfukia kaka amrithi shemeji," alinong'ona mmoja, kwa sauti ya kusikika. Wendelini alisikia, akaendelea kugawa maji.

Misa ikasomwa. Tarsisi akapanda milima akasema kwa mdomo wake. Baada ya Noeli Wendelini akapiga magoti altareni akaapa kwa niaba ya marehemu, na Ottilia akavalishwa gauni la shule. Padre Florian alifurahi, akawakaribisha chai. Katika mazungumzo akauliza, kama mtu anayetafuta tu la kusema:

"Na wazazi wa marehemu walikwisha kufa zamani?"

"Baba alikufa. Mama yupo," alijibu Wendelini.

"Mama yake Nazari? Yu hai?" Padre akaweka kikombe chini. "Mbona hamkuniambia? Mama wa baba angekuja akaapa, ningempokea siku ileile. Nani angethubutu kuvunja kiapo cha mama yake?"

"Hukuuliza, Padre," alisema Wendelini. Hakusema kwa ukali. Ilikuwa hivyo tu. Walijibu walichoulizwa, hawakuongeza neno.

Aliporudi Lundo alimkuta Cuthbert naye amerudi. Siku zile za Noeli Cuthbert alikuwa kwao Likoma, ameuza usipa wake, amesali na ndugu zake. Walisalimiana, akatoa pole za msiba upya, kisha akasema jambo kama mtu anayekumbuka deni dogo.

"Kumbe sikukwambia. Yule mgeni wenu alifika?"

"Mgeni gani?"

"Siku ya maziko. Nyie wote mlikuwa msibani, mimi nilikuwa hapa na samaki wangu. Akaja mtu kwa miguu, anatoka njia ya Mbamba Bay. Nadhani alishuka melini. Ana kofia, viatu, sanduku la bati begani. Kinyasa chake kizuri, ila kizito, kama mtu asiyekisema mara nyingi. Akasikia vilio, akaniuliza, 'Msiba wa nani?' Nikamwambia, wa Nazari. 'Nazari yupi?' Nazari wa Bibi Emerensiana, aliyepotelea Joni. Akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi wangu."

"Akasema nini?"

"Akauliza nani ameita matanga. Nikamwambia mdogo wake. Akauliza kama mke amelia. Nikamwambia, husikii? Huyo ndiye. Akasikiliza. Akaniuliza kama yule bibi amekula. Nikasema sijui, mimi si wa nyumba ile. Akaomba maji, akanywa. Nikajua anakuja kwenu, nikamwonyesha njia."

"Na akaja?"

"Aliinuka, akashika njia. Nami nikageuka kufukuza kunguru kwenye samaki. Kwani hakufika?"

Cuthbert alikuwa hamjui Nazari kwa sura, maana alihamia Lundo Nazari akiwa ameshaondoka. Wendelini alimwuliza kimo. "Kama wewe," alisema Cuthbert, kisha akaona uso wa mwenzake, akaongeza haraka, "Lakini watu warefu ni wengi, ndugu yangu."

Wendelini alitembea mpaka Mbamba Bay siku ileile. Meli ilikuwa imekwisha kuja na kuondoka mara kadhaa. Aliuliza wapagazi, aliuliza wauza vitumbua, aliuliza karani wa bandari. Mtu mwenye kofia na sanduku la bati? Kila anayetoka Joni ana kofia na sanduku la bati.

Akarudi na jambo lile tumboni. Kumwambia Padre kungekuwa kumtoa Ottilia darasani kwa mkono wake, yeye aliyeapa kutomtoa. Kumwambia mama yake hakuweza. Bibi Emerensiana alikuwa ameanza kuweka kiti mlangoni, anatazama njia, na akiulizwa anasema anaota jua tu. Alikufa miaka michache baadaye hapohapo kitini. Verediana aliposwa na Bartholomayo, mkulima wa kahawa wa Matiri, mjane aliyeonekana mtu wa heshima. Ikatakiwa mtu wa kusimama kanisani aseme kwamba mume wa kwanza alifariki. Wendelini akasimama. Akaulizwa swali moja, akajibu neno moja, na Padre akaendelea na misa. Wale waliokuwa wamesema anataka kumrithi shemeji wakaona haya, wakamletea kuku.

Ottilia alimaliza, akawa mwalimu, akafundisha watoto wa Wamatengo na Wanyasa, na kila likizo alikuja Lundo na sukari. Alimwona baba yake mdogo anazeeka upesi. Kaburi la mgomba hudidimia, maana shina huoza likawa maji, na kila baada ya mvua Wendelini alikwenda na jembe kulijaza udongo. Alijaza taratibu, kwa mkono, karibu na kifua alitupa udongo kidogokidogo. "Si uache, baba mdogo," alimwambia Ottilia. "Hamna kitu mle."

"Najua," alijibu. Akaendelea.

Siku alipomweleza Ottilia habari ya mgeni, Ottilia alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Alimwomba ayarudie yote. Kisha akasema kwamba huenda alikuwa mpita njia, mtu wa Kingerikiti labda, machona mwingine anayerudi kwao, na msiba wowote humgusa mtu aliyekaa mbali. Wendelini alikubali kwamba huenda. Kwamba alikaa mtumbwini, huenda alichoka. Kwamba aliuliza nani ameita matanga, kila mtu huuliza. Kwamba aliuliza kama mke amelia, hata hilo watu huuliza, kwa udadisi tu. Yote hayo alikwisha kuyapima, akayaachia. Jambo moja ndilo lililobaki, na alimwuliza Cuthbert mpaka Cuthbert akafa, akamwuliza Tarsisi, akamwuliza Padre Florian alipokuwa haoni tena vizuri, na kila abiria aliyeshuka na sanduku Mbamba Bay. Mpita njia asiye na nyumba pale, mtu wa maji ya kunywa na kwenda zake, anajali nini kama bibi kizee asiyemjua amekula au hajala?